Nyumba Kati ya Kumi na Saba na Kumi na Nane

Ruphin ni mwandishi wa kuta. Ukitembea Kalemie kutoka gare ya treni mpaka darajani utasoma mkono wake bila kujua kwamba ni wake: duka la dawa, salon ya nywele, kanisa la maombi, mitumbwi ya injini inayokwenda Moba. Herufi zake husimama wima, na tumbo la chini la B hulinenepesha kidogo, kama mama aliyekaa vizuri kwenye kiti. Alimaliza shule ya msingi, basi. Lakini hata watu wa biro wenye diploma humwita wakitaka maandishi yanayosomeka kutoka mbali.

Mdomo wake hauna kazi nyingi. Watu watatu wakimsalimia pamoja, humjibu mmoja. Ni jirani yangu tangu zamani, na habari yake ninaiandika kwa sababu kwenye avenyu yetu wengi wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema alikula pesa. Wengine wanasema ni mjinga. Nami niliona karibu yote.

Avenyu yetu ilikuwa na pande mbili. Upande wa juu ulikuwa wa nyumba zinazotazama barabara, na upande wa chini ulikuwa wa nyumba zilizoshuka mpaka karibu na maji ya ziwa. Mama Emilie, na Emilie ni jina lake mwenyewe, si la mtoto, alikaa upande wa chini, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa na marehemu mume wake aliyefanya kazi kwenye reli. Alikuwa akiuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Ruphin amemwoa binti yake, Nadine, na wao na watoto wao wanakaa upande wa juu, mwendo wa kuchoma kijiti kimoja cha sigara.

Mama Emilie ni Mutabwa wa upande wa Mpala, na kwao mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawalali chini ya bati moja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia majanini, na mwanamke anajifunika kitenge na kutazama pembeni. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Mwanaume analeta mbuzi na kitenge kipya, wazee wanasema maneno mawili, na kuanzia hapo njia imefunguliwa: wanasalimiana, hata wanacheka. Ruphin hakuwahi kuleta mbuzi huyo. Si kwa ubahili. Mama Emilie mwenyewe hakumwomba, na Ruphin, kwa haya aliyozaliwa nayo, aliona desturi ile inamfaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Waliishi hivyo miaka ishirini na miwili, bila neno moja baya kati yao, kwa sababu hapakuwa na neno lolote.

Jirani yao Zahoro, muuza nyavu, alikuwa akimtania. "Papa Ruphin, wewe uko na bahati. Mukwe yangu ananiona kila siku, na kila siku ananiuliza kama makaa yake njo inafika lini."

Mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yaliingia mpaka kwenye vitanda vya watu. Yaliporudi, yaliacha matope, chupa, na kuta zilizolowa mpaka kiunoni. Baadaye washauri wa komini, serikali ya mji wetu, walikaa kikao. Wakaamua kwamba kati ya barabara na maji watu wasikae tena, na kwamba mahali pale pawe bustani ya watu wote: miti, viti vya simenti, na nafasi ya watoto kuchezea. Uamuzi ulibandikwa kwenye mlango wa komini, kurasa mbili za Kifaransa. Walioweza kuusoma hawakuwa wakikaa upande wa chini.

Agenti wa biro ya ujenzi aliyeitwa Apollinaire ndiye aliyekuja kumtafuta Ruphin.

"Papa, tuko na kazi ya siku moja," alimwambia. "Kila nyumba kati ya barabara na maji, unapiga musalaba mwekundu, na chini yake namba. Unaanzia moja. Unakwenda mpaka mwisho."

Ruphin alitazama mkebe wa rangi aliyopewa. Angeweza kusema pale pale, "Mama mkwe wangu anakaa huko." Neno lenyewe ni fupi. Lakini Apollinaire alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki yake, na Ruphin si mtu wa kupiga kelele juu ya injini.

Siku ya kazi alianza asubuhi. Sisi wa upande wa chini tulitoka nje kumtazama kama watu wanaotazama daktari. Kwangu aliandika namba tisa. Aliniomba samahani kwa macho, akachora msalaba taratibu, mstari wa kwanza, mstari wa pili, bila rangi kudondoka. Wamama wawili walimtukana. Mzee mmoja alimletea kiti cha kusimamia ili msalaba ukae juu, mbuzi wasiulambe. Alipofika kwa Zahoro, yule bwana alisimama kando ya ukuta wake mikono kiunoni.

"Piga vizuri, Papa. Kama wananivunjia, wanivunjie na muandiko muzuri."

Hiyo ikawa namba kumi na saba. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Mama Emilie.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya ukuta wa mbele, ule ule unaotazama barabara, akichambua ndagala kutoka kwenye mchanga. Samaki walikuwa wametandazwa mkeka mzima, na kuku watatu walikuwa wakingoja kosa lake. Ruphin alitokeza kwenye kona na burashi mkononi. Walionana kwa muda wa kupepesa macho. Mama Emilie akavuta kitenge kichwani na kugeukia ukuta. Ruphin akarudi nyuma ya mpapai wa Zahoro na kutazama maji.

Wakabaki hivyo. Mama Emilie hakuweza kuondoka, kwa sababu ya kuku. Ruphin hakuweza kusogea, kwa sababu ukuta aliopaswa kuandika ulikuwa juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Ili apige ule msalaba, ingembidi asimame akiwa amemkanyagia mkeka, na tumbo lake karibu na kichwa chake.

"Nani atashinda?" Zahoro aliuliza.

Apollinaire alikuwa mbali, chini ya bati la bar, pamoja na shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, wakinywa kitu baridi. Tulisubiri kidogo, tukachoka, tukaanza kuzungumza mambo mengine. Ruphin alizunguka nyuma ya jiko la Zahoro, akapita kando ya maji, akatokea kwenye nyumba iliyofuata. Alisema moyoni kwamba atarudi Mama Emilie akienda sokoni. Na pale kwenye ukuta wa jirani, mkono wake uliandika kumi na nane, kwa sababu ndiyo namba iliyofuata kwenye mkono. Aliniambia baadaye kwamba alijua ni kosa kabla rangi haijakauka. Lakini mtu wa kuandika kuta hafuti. Akifuta, doa linabaki, na doa ndilo watu wanalosoma.

Alipomaliza nyumba ya mwisho mvua ilianza. Apollinaire alipiga kelele kutoka chini ya bati: "Ya mwisho njo ngapi?"

"Arobaini na moja," Ruphin alisema.

"Ngapi?"

"Arobaini na moja!"

Apollinaire akaandika kwenye karatasi yake, akatia saini, akaificha chini ya shati, akaondoka. Ruphin alibaki amefungua mdomo, na mvua ikipiga mabati. Nyumba za upande wa chini zilikuwa arobaini na mbili.

Siku zilizofuata, katika avenyu yetu, msalaba ulikuwa kifo. Watu waliamka asubuhi na kuutazama kwenye kuta zao kama kidonda. Nyumba moja tu ilibaki safi, na kila mtu aliielewa kwa namna yake. Kisimani wamama walimwambia Mama Emilie, "Wewe mukwe wako anajua kupenda." Naye hakukana. Nadine alimpikia mume wake samaki wa kuhe mzima, kichwa na mkia, jambo ambalo hakulifanya tangu ubatizo wa mtoto wao wa mwisho. Jioni moja sahani ilifika kutoka upande wa chini, imefunikwa kitambaa cheupe: ndagala wa kukaanga, wakubwa, waliochaguliwa mmoja mmoja. Ilikuwa shukrani ya mama mkwe, na shukrani kama ile haihitaji maneno.

Ruphin aliila. Angefanya nini? Kuirudisha kungekuwa tusi, na kueleza kungekuwa kuongea. Kila tonge lilimfunga zaidi.

Wiki ya tatu gari la komini lilipita na kipaza sauti. Ndipo tulipojua mambo yote. Ua wa bustani utajengwa mwisho wa mwezi, kutoka kwenye jiwe kubwa mpaka kwenye mfereji, na kila kilicho ndani ya ua kitaondolewa. Wenye msalaba wafike komini na namba zao, wapewe jeto, kibati kidogo chenye namba, na kwa jeto hiyo watapata parseli ya kujenga kilimani, mita kumi na tano kwa ishirini, na karatasi ya umiliki.

Tulitazamana. Kidonda kimegeuka kuwa dawa. Zahoro alibusu ukuta wake kabisa, kwenye msalaba wenyewe, akatoka na vumbi jekundu puani.

Asubuhi iliyofuata misalaba ilikuwa imeota upande wa juu pia. Watu ambao hawakuhusika walikuwa wamejichorea wenyewe, wengine kwa rangi ya pikipiki, mmoja kwa rangi ya kucha. Tuliihesabu zaidi ya thelathini, yote imepinda. Washauri walikaa haraka na kutangaza: orodha imefungwa kwenye arobaini na moja. Msalaba wowote mpya ni wa uongo, na atakayekamatwa na burashi atalala kwenye kasho la polisi.

Mama Emilie alikwenda komini na Nadine. Walipanga mstari tangu asubuhi. Nadine ndiye aliyenisimulia.

"Namba?" Apollinaire aliuliza.

"Sina namba," Mama Emilie alisema. "Niko kati ya kumi na saba na kumi na nane."

"Mama, kati ya kumi na saba na kumi na nane hakuna kitu."

"Kuko nyumba. Niko ndani yake miaka makumi tatu."

"Kama haina musalaba, haiko kwa ndani ya bustani."

"Ua itapita wapi?"

Apollinaire alifungua ramani, akafuata mstari kwa kidole. Kidole kilipita mbele ya nyumba ya Mama Emilie, kando ya barabara. Aliutazama muda mrefu. "Nyumba iko ndani," alisema. "Lakini wewe, Mama, hauko kwa orodha."

Nadine alirudi nyumbani moja kwa moja. Ruphin alikuwa uani akiosha burashi kwa petroli.

"Ulisahau, ama uliacha?"

"Alikuwa amekaa pale," Ruphin alisema.

"Nani?"

Ruphin hakuweza kusema jina, wala kutamka "mama"; aliendelea kuosha burashi.

"Ungeniita mimi! Ningemutosha pale. Ningemuambia twende tuangalie mutoto, twende tunywe chai, hata nini!"

Ilikuwa kweli. Nyumba yao haikuwa mbali. Angeweza kumwita kwa mluzi. Nadine alikaa chini kwenye kizingiti na kulia bila sauti. Kumlaumu hakuweza sawasawa, kwa sababu angekuwa anamlaumu kwa kumheshimu mama yake. Kutomlaumu hakuweza pia. Sahani ya mama yake, ile ya ndagala, ilikuwa bado rafuni, haijarudishwa.

Tangu siku hiyo Ruphin hakuwa na njia ya kupita. Upande wa juu walimsimamisha: "Papa, nipige moja, wewe njo mwenye mkono wa kweli." Alipokataa, walimwambia anaringa. Upande wa chini walisema ameuza nafasi ya mama mkwe wake kwa mtu wa mwisho, yule wa arobaini na moja, na wenye busara zaidi walisema hapana, hakuuza, alimlinda tu vibaya. Zahoro peke yake ndiye aliyesema ukweli, lakini aliusema kwa kucheka, akiigiza Ruphin nyuma ya mpapai na Mama Emilie chini ya kitenge, na kuku katikati. Watu walicheka mpaka wakasahau kwamba ulikuwa ushahidi.

Ilimchukua siku nne kwenda kwa Apollinaire. Alisimama mlangoni mwa biro mpaka wote wamalize.

"Niliruka moja," alisema.

"Najua uliruka. Nilihesabu mabati kwenye ramani." Apollinaire alifunga mlango. "Papa, na mimi nilitia saini arobaini na moja bila kutembea. Nikiongeza namba moja kwa mkono wangu, watasema nimeiuza, na kesho nitakuwa na watu mia mbili hapa inje. Ukienda kupiga ule musalaba leo, watakukamata. Kuko njia moja tu. Kikao cha alhamisi. Wewe na mama, mbele ya washauri. Yeye aseme nyumba ni yake, wewe useme uliiruka."

"Pamoja?"

"Pamoja, mara moja. Muntu asiyekuwepo hatumusikie."

Nadine ndiye aliyebeba ujumbe kati yao. Kwa siku mbili alishuka na kupanda avenyu ile. Mama anasema atakuja akikaa nyuma. Ruphin anasema atasimama dirishani. Mama anasema asianze yeye. Ruphin anasema yeye hawezi kuanza.

Alhamisi chumba cha kikao kilijaa. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Ruphin alisimama dirishani kama alivyosema, amevaa shati la harusi, na Mama Emilie alikaa kando ya mlango, kitenge kimemfunika mpaka puani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu wa umri wa kati, mpole, mwenye haraka. Mbele yake palikuwa na benchi moja la mashahidi.

"Karibieni," alisema. "Hapa si sokoni. Mutakaa kwa benchi."

Hakuna aliyesogea. Alirudia. Nadine akamsukuma mama yake mgongoni taratibu, na askari wa komini akamwonyesha Ruphin kwa fimbo. Wakakaa, kila mmoja kwenye ncha yake, migongo imepindwa nje kama watu wawili wanaovuta shuka. Waliojua walitazama chini. Wasiojua walinong'ona, "Wanagombana?"

"Papa, wewe njo ulipiga misalaba?"

"Njo mimi."

"Na nyumba moja uliiruka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ruphin alifikiri. Jasho lilikuwa likimtiririka masikioni. "Kulikuwa muntu amekaa kwa ukuta."

Watu walicheka. Mwenyekiti aligonga meza. "Kila ukuta kuko muntu! Muntu gani?"

Mwenyekiti alinyoosha kidole kwenye ncha nyingine ya benchi.

"Ni huyu mama?"

Ilimpasa kugeuza kichwa na kutazama. Shingo yake haikugeuka. Alitazama viatu vyake.

"Papa, unaficha nini? Ni huyu ama si huyu?"

Mshauri mmoja, Mama Hélène, aliinama na kumnong'oneza mwenyekiti. Yule bwana aliitikia kwa kichwa, hata alitabasamu.

"Nimesikia. Na mimi niko na mama mukwe, najua. Heshima ni kitu kizuri. Lakini procès-verbal, karatasi ya katibu, inataka jina. Papa, sema tu jina la mwenye nyumba, tumalize."

Ruphin alifungua mdomo. Miaka ishirini na miwili jina lile halikupita pale, na sasa lilipotakiwa halikujua njia. Katibu alikuwa ameinua kalamu. Askari alipiga miayo. Mwenyekiti alitazama saa yake, kisha akatazama karatasi iliyofuata.

Ndipo Mama Emilie alipoongea. Hakugeuka, aliongea na ukuta uliokuwa mbele yake.

"Ruphin," alisema. "Sema jina langu, mutoto wangu. Nyumba inaenda."

Wamama wengine mle ndani walishika midomo. Nadine alifunika uso. Ruphin akasema, kwa sauti tusiyoizoea, kubwa mno kwa chumba kile: "Emilie! Ni nyumba ya Emilie. Niliiruka mimi. Hakunipa kitu. Ni mimi."

Katibu aliandika. Mwenyekiti aliwashukuru wote wawili, na nadhani kwa moyo. Kisha alisoma uamuzi polepole ili uandikwe vizuri. Baraza limesikia. Shauri la nyumba isiyo na namba litapelekwa kwa wapimaji ili walihakikishe, na litarudi kwenye kikao kijacho, baada ya miezi mitatu. Kazi ya ua haitasimama, kwa sababu mafundi wamekwisha kuanza upande wa jiwe. Na mwandishi, kwa kuwa amekubali kwamba alibadilisha kazi aliyopewa, hatapewa tena kazi ya komini.

"Na mimi nitakaa wapi hiyo miezi tatu?" Mama Emilie aliuliza.

"Kwa familia, Mama. Haukosi familia." Mwenyekiti alitazama benchi, akamwona Ruphin pale kwenye ncha nyingine, akanyoosha mkono kumwonyesha. "Si huyu hapa?"

Mwisho wa mwezi tulihama. Sisi wenye jeto tulipanda kilimani na mabati yetu. Mama Emilie aling'oa mlango wake, madirisha mawili na mabati kumi na nane, na Nadine na wanawake wa kanisa wakavibeba mpaka upande wa juu, wakavipanga nyuma ya nyumba ya Ruphin chini ya turubai. Ruphin siku hiyo alikuwa ametumwa mbali, kuandika mtumbwi. Aliporudi alimkuta mama mkwe wake ndani.

Nyumba ya Ruphin ina salon ya kukaa na chumba kimoja cha kulala. Hakuna mlango wa nyuma. Anayekwenda chumbani anapita salon, na anayetoka uani anapita salon. Mama, Nadine na watoto walichukua chumba. Ruphin alitandika jikoni, kile kibanda cha mabati ambamo makaa hayapoi mpaka asubuhi. Kabla ya kuingia kuchukua shati lake, anakohoa mara mbili na kungoja. Mama anajifungia chumbani. Anaingia, anatoka, anakohoa mara moja, mama anafungua. Chakula analetewa nje, sahani inawekwa juu ya tofali. Mvua ikinyesha anasimama chini ya ukingo wa bati, akisikia ndani watu wakizungumza, wakicheka wakati mwingine, na anajua kwamba akitoa sauti kicheko kitakatika.

Mwezi wa kwanza ulipoisha alinunua mbuzi. Alimfunga kwenye nguzo ya jiko, mbuzi mweupe mwenye kitambi, na juu ya tofali akaweka kitenge kipya bado na karatasi yake. Nadine aliingia ndani kueleza. Mama Emilie alimjibu binti yake, lakini kwa sauti ambayo mtu wa nje angeisikia, na ndivyo alivyokusudia.

"Mwambie arudishe mbuzi wake. Nikiikula, njia imefunguka, na nikisalimiana naye nitakuwa muntu wa nyumba hii. Mimi si muntu wa nyumba hii. Niko na nyumba yangu, wanaitafutia namba. Jina lake nililiita mara moja mbele ya watu, kwa sababu ya parseli, na parseli sikupewa. Mara ya pili hapana. Nyumba wamebeba. Hii heshima, muniachie."

Nadine hakuwa na haja ya kutoka kurudia. Mbuzi alirudi sokoni siku ile ile, na kitenge kikaingia sandukuni.

Kikao cha miezi mitatu kilifika. Wapimaji walikuwa hawajapata petroli ya gari. Kikaahirishwa. Kile kilichofuata kiliangukia sikukuu. Ruphin huenda kila mara, na siku hizi huongea bila kulazimishwa, sentensi zile zile, mpaka katibu amekwisha kuzijua. Apollinaire amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake anauliza kila mara, "Namba ngapi, Papa?"

Bustani imefunguliwa. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Wamepanda miche ya miti, wameweka viti vya simenti na bembea mbili, na upepo wa ziwa unapita pale bila kukutana na ukuta. Jumapili watu wanapigwa picha. Siku za kazi haina mtu, isipokuwa Ruphin. Nyumbani hana pa kukaa mchana, na kazi za kuta zimepungua tangu jina lake liharibike. Nikishuka kutoka kilimani namkuta kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni, simu mkononi. Nadine humpigia na kukata simu, Mama anapokwenda sokoni au anapolala, na hapo hukimbia nyumbani, akaoge, alale kidogo kwenye godoro lake mwenyewe.

Alhamisi iliyopita nilikaa naye. Hatukuzungumza sana, mimi na yeye tuko sawa kwa hilo. Tulitazama mitumbwi. Saa kumi na moja mlinzi alikuja akizungusha funguo kidoleni.

"Papa, tunafunga."

"Kidogo," Ruphin alisema. "Ninangojea simu."

"Ungojee nyumbani, Papa. Bustani iko na saa yake."

Tukatoka. Mlinzi alifunga lango na mnyororo, akajaribu kama limeshika, akaenda zake. Mimi nilikuwa na kilima cha kupanda kabla ya giza, nikamuaga. Nilipofika kwenye kona nilitazama nyuma. Alikuwa bado amesimama kando ya ua, upande wa barabara, akiitazama simu ambayo haijalia.